Ushindani wa mifumo ya uendeshaji katika soko la seva

Ushindani wa mifumo ya uendeshaji katika soko la seva ni mashindano ya kibiashara, ya kiufundi na ya kisheria kati ya mifumo inayoendesha seva za makampuni, benki, vyuo na ofisi za serikali. Tangu miaka ya 1980 washindani wakuu wamekuwa matoleo mbalimbali ya Unix, NetWare ya kampuni ya Novell, Windows NT na warithi wake kutoka Microsoft, pamoja na Linux. NetWare imetoweka, Unix imebaki katika kazi chache maalumu, na Linux na Windows Server ndizo zilizogawana sehemu kubwa ya soko.

Seva ni kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine: hutunza faili, huendesha hifadhidata, hupokea barua pepe, hutoa kurasa za tovuti, au hukagua neno la siri la mfanyakazi anayewasha kompyuta yake asubuhi. Mtumiaji wa kawaida haioni. Lakini kampuni ikishachagua mfumo wa seva, ni vigumu kuuacha. Programu za mishahara na uhasibu zimeandikwa kwa ajili ya mfumo huo, mafundi wamesomea mfumo huo, na data ya miaka mingi imehifadhiwa kwa namna ambayo mfumo huo unaielewa. Kwa sababu hiyo mapambano katika soko hili yamekuwa makali kuliko yanavyoonekana kwa nje: anayempata mteja leo huweza kukaa naye miaka kumi au zaidi.

Namna ya kupima soko

Takwimu za soko hili zinahitaji kusomwa kwa uangalifu, maana kila upande umezoea kutumia kipimo kinachoupendeza. Ukihesabu fedha zilizolipwa, mifumo ghali inaonekana kuwa mikubwa: seva moja ya Unix iliyouzwa kwa benki katika miaka ya 1990 iliweza kugharimu zaidi ya makumi ya seva ndogo. Ukihesabu leseni zilizouzwa, Linux inaonekana ndogo, kwa kuwa nakala moja inaweza kusakinishwa bure katika mashine elfu moja bila mauzo yoyote kuandikwa. Ukihesabu tovuti zilizomo katika intaneti, Linux inaongoza kwa mbali, ingawa hesabu hiyo haigusi seva zilizofichwa ndani ya ofisi, mahali ambapo Windows ina nguvu zaidi. Hivyo pande mbili ziliweza kudai ushindi katika mwaka uleule bila yeyote kusema uongo.

Unix na mgawanyiko wake

Unix ilianzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell Labs nchini Marekani, iliyokuwa mali ya kampuni ya simu ya AT&T. Mwaka 1973 iliandikwa upya kwa lugha ya C, jambo lililorahisisha kuihamishia katika kompyuta za aina nyingine. Kutokana na makubaliano ya mwaka 1956 na serikali ya Marekani, AT&T ilizuiwa kufanya biashara nje ya mawasiliano ya simu. Kwa hiyo ilitoa Unix kwa vyuo vikuu kwa gharama ndogo pamoja na msimbo wake, na Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley kikatengeneza toleo lake lililojulikana kama BSD.

AT&T ilipogawanywa mwaka 1984, kizuizi hicho kiliondoka na Unix ikawa bidhaa ya kuuzwa. Watengenezaji wa kompyuta walinunua leseni, kisha kila mmoja akaongeza mambo yake. Sun Microsystems ilikuwa na SunOS na baadaye Solaris, Hewlett-Packard ilikuwa na HP-UX, IBM ilikuwa na AIX, na Digital Equipment Corporation ilikuwa na Ultrix. Kila mfumo uliambatana na prosesa za kampuni yake. Programu iliyotengenezwa kwa ajili ya mmoja haikufanya kazi kwa mwingine bila kutayarishwa upya, na kwa mteja jina "Unix" liliahidi zaidi ya kilichopatikana.

AT&T na Sun zilipotangaza kushirikiana, kampuni nyingine ziliogopa kuachwa nyuma. Mwaka 1988 baadhi yao, zikiwemo IBM, Hewlett-Packard na Digital, ziliunda Open Software Foundation, na AT&T na wenzake wakajibu kwa kuunda Unix International. Kipindi hiki huitwa vita vya Unix. Kambi hizo mbili zilitumia miaka mitano kubishana juu ya viwango, hadi mwaka 1993 zilipoanza kupatana, na kilichozipatanisha zaidi ni hofu ya Microsoft. Mwaka huohuo Novell ilinunua kutoka AT&T kitengo kilichomiliki Unix. Alama ya biashara ikakabidhiwa kwa X/Open, ambayo leo ni The Open Group, na mwaka 1995 biashara ya Unix ikauzwa kwa Santa Cruz Operation. Mkataba wa mauzo hayo haukuandikwa kwa uwazi wa kutosha, na ulikuja kuzua kesi miaka minane baadaye.

NetWare

Wakati wakubwa wa Unix wakigombana, ofisi ndogo zilikuwa na tatizo rahisi zaidi: jinsi ya kuziunganisha kompyuta binafsi ili zitumie diski moja na printa moja. Novell, kampuni ya jimbo la Utah, ilitoa jibu mwaka 1983 kwa NetWare. Haikuhitaji kompyuta ghali, kwani ilifanya kazi katika mashine za kawaida zenye prosesa za Intel, na kazi ya kugawa faili na kuchapisha iliifanya kwa kasi iliyowashinda wote. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 zaidi ya nusu ya mitandao ya ofisi iliyotumia kompyuta binafsi ilikuwa na NetWare, na cheti cha ufundi wa Novell kilikuwa kama tiketi ya kupata ajira.

Udhaifu wake ulitokana na ubora wake. NetWare ilikuwa na kasi kwa sababu moduli zake ziliendeshwa pamoja na kiini cha mfumo bila ukuta kati yao, kwa hiyo moduli moja mbovu iliweza kuangusha seva nzima. Kwa kugawa faili hilo halikuwa tatizo kubwa. Kwa kuendesha hifadhidata na programu za kampuni nyingine lilikuwa tatizo. Tena NetWare ilitegemea itifaki yake yenyewe, IPX, wakati dunia ilikuwa inahamia TCP/IP ya intaneti. NetWare 5, iliyoweza kutumia TCP/IP pekee bila IPX, ilitoka mwaka 1998, wakati wateja wengi walikuwa wameshaanza kuondoka.

Jambo la kusikitisha katika historia hii ni saraka. Mwaka 1993 NetWare 4 ilileta NDS, saraka moja iliyotunza majina, haki na vifaa vya kampuni nzima hata kama ofisi zake zilikuwa katika miji mbalimbali. Microsoft haikuwa na kitu cha namna hiyo hadi Active Directory ya mwaka 2000. Novell ilikuwa mbele kwa miaka saba na bado ikashindwa. Sehemu ya sababu ni kwamba fedha na nguvu zake zilielekezwa kwingine: mwaka 1994 ilinunua WordPerfect ili kushindana na Microsoft katika programu za ofisi, ikaiuza mwaka 1996 kwa hasara kubwa.

Windows NT

Mwaka 1988 Microsoft ilimwajiri Dave Cutler, mhandisi aliyeongoza utengenezaji wa mfumo wa VMS katika kampuni ya Digital, pamoja na baadhi ya wenzake. Kazi yao, Windows NT 3.1, ilitoka Julai 1993. Ilikuwa nzito na ilihitaji kumbukumbu nyingi kuliko kompyuta nyingi za wakati huo. Windows NT 4.0 ya mwaka 1996 ndiyo iliyoingia ofisini kwa wingi.

Silaha ya Microsoft haikuwa kasi. Seva ilikuwa na dirisha na menyu zilezile ambazo mfanyakazi alizijua mezani kwake, na programu zote muhimu zilitoka mahali pamoja: Exchange kwa barua pepe, SQL Server kwa hifadhidata, IIS kwa tovuti. Kampuni ya watu hamsini iliweza kuajiri fundi mmoja aliyesoma miezi michache, badala ya mtaalamu wa Unix mwenye mshahara mkubwa. Mashine za Intel nazo zilikuwa zinapungua bei kila mwaka. Mnunuzi alilipia leseni ya seva pamoja na leseni kwa kila mtumiaji anayeifikia, na gharama hiyo ya pili ndiyo wengi waliisahau wakati wa kupanga bajeti.

Usalama ulikuwa jeraha la wazi. Mwaka 2001 programu hasidi za Code Red na Nimda zilishambulia seva za IIS duniani kote, na Januari 2003 Slammer ilienea kupitia SQL Server kwa muda wa dakika chache. Bill Gates aliwaandikia wafanyakazi wake Januari 2002 akitaka usalama utangulie mbele ya vipengele vipya. Windows Server 2003 ilikuwa mfumo wa kwanza wa seva kutolewa baada ya agizo hilo, ikiwa na huduma nyingi zilizofungwa hadi msimamizi azifungue mwenyewe.

Kuingia kwa Linux

Linux ilianza mwaka 1991 kama kiini kilichoandikwa na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini. Mwaka 1992 iliwekwa chini ya leseni ya GPL, iliyotungwa na Richard Stallman wa mradi wa GNU, ambayo humruhusu mtu yeyote kuitumia, kuibadilisha na kuigawa, mradi anayesambaza toleo lake awape wapokeaji msimbo wake kwa masharti hayohayo.

Katika biashara Linux haikupitia mlango wa mbele. Ilipelekwa na mafundi waliohitaji seva ya tovuti au ya barua pepe na hawakuwa na bajeti, wakatumia kompyuta ya zamani iliyowekwa kando. Programu ya tovuti ya Apache, iliyoanza mwaka 1995, iliipa kazi maalumu ya kufanya. Mwaka 1998 Oracle ilitangaza kuwa hifadhidata yake itafanya kazi katika Linux, na hapo wakurugenzi wakaanza kusikiliza. Mwishoni mwa mwaka 2000 IBM ilitangaza kwamba mwaka uliofuata ingetumia dola bilioni moja kwa ajili ya Linux, na ilikuwa imeshaifanya ifanye kazi hata katika kompyuta zake kuu.

Swali lilibaki: nani atapokea simu saa nane za usiku seva ikianguka? Kampuni ya Red Hat ilijenga biashara yake juu ya swali hilo. Kuanzia mwaka 2002 ilitoa toleo maalumu la biashara, ambalo baadaye liliitwa Red Hat Enterprise Linux. Toleo hilo halikubadilika ovyo, lilipata masahihisho ya usalama kwa miaka mingi, na lilithibitishwa na wauzaji wa hifadhidata na maunzi. Mteja hakununua programu, alinunua uangalizi wa kila mwaka. SUSE ya Ujerumani ilifuata njia hiyohiyo. Novell, baada ya kupoteza soko la NetWare, iliinunua SUSE kwa dola milioni 210 katika ununuzi uliokamilika Januari 2004. Mwaka huohuo raia wa Afrika Kusini Mark Shuttleworth alianzisha Ubuntu, ambayo jina lake la Kinguni lina asili moja na neno la Kiswahili "utu". Toleo lake la seva la mwaka 2006 liliahidiwa masahihisho kwa miaka mitano bila malipo.

Waliopoteza kwanza kwa Linux hawakuwa Microsoft bali wauzaji wa Unix. Programu za Unix zilihamishwa kwenda Linux kwa taabu kidogo, mafundi wa Unix waliielewa siku ya kwanza, na mashine ya Intel au AMD ilifanya kwa bei ndogo kazi ambayo awali ilihitaji mashine ya Sun. Benki na masoko ya hisa yalikuwa miongoni mwa waliohama mapema. Sun ilijaribu kujibu kwa kufungua msimbo wa Solaris mwaka 2005, lakini mwaka 2010 kampuni yenyewe ilinunuliwa na Oracle.

Mabishano ya gharama

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Microsoft iliendesha kampeni ya matangazo ikidai kwamba Windows, ingawa ina leseni ya kulipia, ni nafuu kuliko Linux ukihesabu gharama zote za miaka kadhaa. Hoja yenyewe ilikuwa halali: bei ya programu ni sehemu ndogo tu ya gharama ya seva, na mishahara ya wasimamizi mara nyingi ni kubwa zaidi. Ila baadhi ya tafiti zilizonukuliwa zililipiwa na Microsoft yenyewe, na matokeo yalitegemea sana kile kilicholinganishwa. Shirika lenye mafundi wa Unix lilipata nafuu kwa Linux. Lenye mafundi wa Windows lilipata gharama mpya ya kuwafundisha upya. Hakukuwa na jibu moja kwa wote, na matangazo ya pande zote mbili hayakulisema hilo.

Kesi ya SCO

Machi 2003 kampuni ya SCO Group, iliyokuwa imenunua biashara ya Unix kutoka Santa Cruz Operation, ilimshtaki IBM nchini Marekani ikidai kuwa msimbo wa Unix umeingizwa katika Linux kinyume cha mkataba. Ilidai dola bilioni moja, kisha zaidi. Iliwaandikia pia makampuni mengi yanayotumia Linux ikiyaonya kuwa yanaweza kuwajibika, na ilitaka yalipe leseni.

Novell ilijitokeza na kusema kwamba mwaka 1995 haikuwa imeuza hakimiliki za Unix. Agosti 2007 mahakama ya Utah ilikubaliana na Novell, na mwezi uliofuata SCO iliomba kinga ya ufilisi. Rufaa ilirudisha suala hilo mbele ya jopo la mahakama, ambalo mwaka 2010 lilitoa uamuzi uleule. Mabaki ya kesi dhidi ya IBM yalimalizwa kwa mapatano mwaka 2021, kwa dola milioni 14.25. Kwa miaka minne ya kwanza wasiwasi ulikuwa wa kweli, na Red Hat, Novell na wengine walilazimika kuahidi kuwalinda wateja wao iwapo wangeshtakiwa.

Kesi ya Umoja wa Ulaya na suala la itifaki

Kesi iliyogusa zaidi kiini cha ushindani huu ilikuwa ya Ulaya. Kompyuta za Windows zilizojaa maofisini huzungumza na seva kwa itifaki za Microsoft. Seva isiyojua itifaki hizo haiwezi kutoa faili, kuchapisha wala kutambua watumiaji ipasavyo, hata ikiwa bora kwa mengine yote. Kwa hiyo aliyetawala meza za ofisi aliweza kuamua nani anaruhusiwa kushindana katika chumba cha seva.

Programu huria ya Samba, iliyoanzishwa mwaka 1992 na Andrew Tridgell wa Australia, ilijaribu kuvuka ukuta huo. Waandishi wake walitazama ujumbe unaopita katika mtandao kati ya mashine za Windows, wakakisia maana yake, wakajaribu tena na tena hadi seva ya Unix au Linux ikakubaliwa kama ya Windows. Kazi hiyo ilikuwa ya polepole, na kila toleo jipya la Windows liliongeza mafumbo.

Mwaka 1998 Sun ililalamika kwa Tume ya Ulaya kwamba Microsoft imekataa kuipa taarifa za itifaki hizo. Tarehe 24 Machi 2004 Tume iliamua kwamba Microsoft imetumia vibaya nafasi yake ya kutawala soko. Iliitoza faini ya Euro milioni 497 na kuiamuru iwape washindani maelezo kamili ya itifaki za seva za ofisi. Uamuzi huo uligusa pia kicheza muziki na video kilichounganishwa na Windows.

Kilichofuata kinafundisha mengi kuhusu kesi za aina hii. Walalamikaji wakubwa walijitoa mmoja baada ya mwingine. Sun ilipatana na Microsoft Aprili 2004 kwa karibu dola bilioni mbili, na Novell ilipata dola milioni 536 Novemba mwaka huohuo. Waliobaki mahakamani kuitetea Tume ni pamoja na timu ya Samba na tawi la Ulaya la wakfu wa programu huria, watu wasiokuwa na bidhaa ya kuuza. Tarehe 17 Septemba 2007 mahakama mjini Luxembourg iliunga mkono uamuzi wa Tume kuhusu itifaki.

Desemba 2007 timu ya Samba ilipata nyaraka hizo kupitia shirika dogo lililolipa Euro 10,000 mara moja tu. Nyaraka zenyewe zilibaki siri, lakini msimbo ulioandikwa kwa kuzitumia uliruhusiwa kutolewa hadharani. Samba 4.0, iliyotoka Desemba 2012, iliweza kushika nafasi ya seva ya Active Directory. Kwa kuchelewa kutekeleza agizo, Microsoft ilitozwa adhabu nyingine ya Euro milioni 899 mwaka 2008, iliyopunguzwa hadi milioni 860 mwaka 2012.

Mashine pepe na wingu

Teknolojia ya mashine pepe, iliyoenezwa na VMware tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilifanya mifumo miwili hasimu iweze kukaa ndani ya chuma kimoja. Kisha Amazon ikaanza kukodisha seva kwa saa kupitia huduma ya EC2 mwaka 2006. Mwanzoni ilitoa Linux pekee. Windows iliongezwa mwaka 2008. Kwa mteja wa wingu anayewasha seva mia moja asubuhi na kuzizima jioni, mfumo usio na hesabu ya leseni ulikuwa na faida ya wazi. Kontena, zilizopata umaarufu kupitia Docker mwaka 2013 na Kubernetes mwaka 2014, zilijengwa juu ya vipengele vya kiini cha Linux na kuimarisha zaidi nafasi yake.

Microsoft ilibadili msimamo. Steve Ballmer, mkurugenzi wake mkuu, mwaka 2001 alikuwa ameifananisha Linux na ugonjwa wa saratani. Mwaka 2012 huduma yake ya wingu, inayoitwa sasa Azure, ilianza kupokea mashine za Linux. Mwaka 2014 mrithi wake Satya Nadella alitangaza hadharani kwamba Microsoft inaipenda Linux. Na mwaka 2017 SQL Server ilitolewa kwa ajili ya Linux. Sababu haikuwa mapenzi peke yake, kwani katika wingu Microsoft hulipwa kwa muda wa kutumia mashine, mfumo wowote uwe ndani yake.

Hali ya baadaye

Windows Server imebaki na nguvu katika kazi za ndani ya ofisi, hasa Active Directory na programu zilizoandikwa kwa teknolojia za Microsoft. AIX na kompyuta kuu za IBM bado zinahudumia benki na bima. HP-UX ilifungwa katika prosesa za Itanium, ambazo Intel iliacha kuzisafirisha mwaka 2021.

Ushindani mpya umehamia ndani ya Linux yenyewe. Julai 2019 IBM ilikamilisha ununuzi wa Red Hat kwa dola bilioni 34. Desemba 2020 Red Hat ilitangaza kwamba CentOS Linux 8, nakala ya bure ya mfumo wake iliyotumiwa na vyuo na makampuni mengi duniani, itakoma mwishoni mwa 2021 badala ya 2029. Waliokuwa wamepanga miaka kumi walibakiwa na mwaka mmoja. Mwaka 2021 zilitokea Rocky Linux na AlmaLinux kujaza nafasi hiyo, na Juni 2023 Red Hat ilibana upatikanaji wa msimbo wa Red Hat Enterprise Linux, ikibaki kuutoa kwa wateja wake na kuwaachia wengine msimbo wa CentOS Stream. Oracle na SUSE ziliupinga uamuzi huo, na Agosti mwaka huohuo, pamoja na kampuni iliyo nyuma ya Rocky Linux, zikaunda umoja wa kutunza msimbo unaolingana nao.